Mkanyagano wa Ua wa Ghala

Enzi zetu, jambo lisilo na mkanyagano halikuwa jambo. Wenzangu mliokulia kusini miaka ile ya tisini mtanielewa. Mtu akirudi kutoka bombani na ndoo tupu, akaulizwa kulikoni, alijibu neno hilo moja tu na likatosha. Siku ya uji shuleni, mkanyagano. Siku gari la misheni lilipoleta mitumba, mkanyagano. Msimu wa korosho ukifika, lori la dukani likarudi kutoka mjini na sukari na vitenge, mkanyagano. Tulilitamka kwa tabasamu, maana penye mkanyagano ndipo penye kitu. Harusi ambayo wageni walikaa wametulia kwenye mikeka yao ilisemwa wiki nzima kuwa ilikuwa baridi, wenyewe hawakualika watu.

Mama yangu peke yake ndiye hakulipenda neno lile. Kila tulipotoka mbio kwenda palipokuwa na kelele, alitukumbusha kutoka jikoni kwamba penye wengi pana mengi. Tulimwitikia tukiwa tayari tumefika barabarani.

Sisi hatukuwa wenyeji. Baba alikuwa mwalimu, Mnyakyusa wa Rungwe aliyepangiwa kazi Mtwara, akapewa shule ya kijiji kimoja ukishapita Madimba, njia inayoteremka kwenda Ruvuma. Madimba ya wakati huo haikuwa na mtambo wa gesi wala taa za kuwaka usiku kucha. Ilikuwa mikorosho, mihogo na mchanga wa kuunguza nyayo. Mama aliwahi kunisimulia kwamba mwaka wa kwanza alilia kwa kukosa ndizi na maziwa. Mimi sikuwa na cha kulilia, nilifika pale nikiwa wa kubebwa. Nilikula ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa na kuliwa na chumvi na pilipili, na midomo yangu ilibabuka kwa mafuta ya maganda ya korosho kama ya mtoto mwingine yeyote. Watoto wa siku hizi wanazijua korosho za kwenye pakiti, zimeshamenywa na kutiwa chumvi. Ukiwaambia korosho inaunguza, wanakutazama kwa huruma.

Rafiki yangu wa kufa na kuzikana alikuwa Laurensia. Kwao walikuwa Wamakonde wa ng'ambo ya mto, waliovuka wakati wa vita vya Msumbiji, wakapewa shamba, wakabaki. Alinizidi umri kidogo na alinizidi akili sana. Mgongoni mwake kila wakati alikuwepo mdogo wake, Damiano, amefungwa kwa kanga iliyochuja rangi. Kwa hiyo michezo yetu yote ilikuwa ya watu watatu. Laurensia alicheza rede akiwa na mtoto mgongoni, akiukwepa mpira kulia na kushoto, na Damiano akicheka kule nyuma kila mpira ulipompita sikioni. Sikumbuki kama mpira uliwahi kumpata.

Baba ndiye aliyetufundisha Kiswahili darasa la nne. Alikuwa na desturi ya kuandika maneno ubaoni, akayaeleza, kisha akataka kila mmoja asimame na kuyatungia sentensi. Siku moja akaliandika neno letu. Akasema, kwa Kiswahili chake kilichonyooka, kwamba mkanyagano ni watu wengi kukimbia pamoja kwa hofu hadi wakaangushana na kukanyagana, na kwamba huo ni msiba. Tukatazamana. Mwalimu mgeni huyu, tuliona, hajui utamu wa mambo. Mmoja akasimama akasema mkanyagano wa uji ulikuwa mkubwa jana. Mwingine akasema harusi ya dada yake ilikuwa na mkanyagano mzuri. Kisha akasimama Laurensia, Damiano amelala mgongoni, maana baba alimruhusu kuja naye darasani mama yao akiwa shamba.

"Mkanyagano ni watu wanakimbia, halafu wanarudi wakicheka."

Darasa lote likakubali kwa mkupuo. Baba akatabasamu, akasema sentensi ni nzuri ila hao anaowasema wanacheza tu. Laurensia akakaa kitako, akaninong'oneza kwamba mwalimu hajawahi kumkimbia lipiko.

Ni kweli, baba hakuwahi, na kwa msomaji asiye wa kwetu sharti nieleze. Lipiko ni yule mchezaji wa Kimakonde anayevaa kinyago kichwani, mwili wote umefungwa nguo asionekane hata kidole, njuga zimemzunguka kiunoni na miguuni. Hutoka wavulana wanapotolewa jandoni. Tuliambiwa si mtu. Tuliambiwa ni mfu aliyeitwa na wazee, ametoka porini na atarudi porini. Nani yumo ndani ilikuwa siri ya wanaume waliopita jando, na mwanamke au mtoto hakutakiwa hata kuuliza. Basi akitokea, kazi ya wanawake na watoto ni kukimbia. Anatunyemelea, anasimama, anatikisa mabega, kisha anatushukia kwa kishindo, nasi tunatawanyika tukipiga mayowe hadi mikoroshoni. Ngoma zikilegea tunarudi, tunahema, tunacheka, kanga zimedondoka njiani. Anatushukia tena. Ngoma ambayo watu hawakukimbia ilikuwa aibu kwa wenye watoto waliotoka jandoni, ni sawa na kumwandalia mgeni chakula akakiacha.

Miaka yote mchezo huo ulichezwa kwenye uwanja wa mchanga pembeni ya kijiji. Kila upande ulikuwa wazi, ungeweza kukimbia hata ukafika mtoni ukitaka. Mwaka ule nilipokuwa darasa la nne uwanja ulikuwa umepandwa miche mipya ya mikorosho, ile ya kisasa ya kuzaa mapema, na hakuna aliyekuwa tayari kuona miche ikikanyagwa. Wazee wakakaa, wakakubaliana ngoma ihamie kwenye ua wa ghala la zamani la korosho. Lilikuwa limeshaachwa, popo tu ndio waliobaki na funguo. Ua wake ulikuwa mpana, sakafu ya saruji ambapo zamani korosho zilianikwa, ukuta wa matofali pande zote. Geti lilikuwa la malori, la chuma, milango miwili. Mlango mmoja ulikuwa umeshikwa na kutu kwenye bawaba tangu sijazaliwa, haufunguki.

Kila mtu aliusifu ua ule. Hakuna vumbi, walisema, na lipiko ataonekana vizuri. Tatizo pekee lililojadiliwa ni zile ngoma ndogo zenye mguu uliochongoka, ambazo huchomekwa mchangani, saruji haichomeki. Wakaleta viroba vya mchanga, wakazichomeka humo, wakaona wamemaliza. Watu wazima wenye akili zao, waliojua kwamba mchezo wenyewe ni kukimbia, hawakufikiria tutakimbilia wapi. Nawakasirikia hadi leo, na wengi wao wameshakufa.

Tulikwenda alasiri. Mimi na Laurensia tulishikana mikono, Damiano mgongoni kama kawaida, amepakwa mafuta hadi anang'aa. Ua ulikuwa umejaa na watu walikuwa bado wanaingia. Mama alibaki nyumbani. Baba alikuja kwa heshima ya wazazi wa wavulana, akasimama nje ya geti pamoja na wageni wengine, maana yeye hakuwa wa jando la pale na alipajua mahali pake.

Lipiko akaingia, na mwanzo ulikuwa mtamu, sitasema uongo. Njuga zake juu ya saruji zilitoa mlio ambao hatukuwahi kuusikia mchangani, wa ukali, ukirudishwa na kuta. Akatushukia, tukakimbilia ukutani, tukarudi. Akatushukia tena, tukarudi. Nje walisikia mayowe yetu wakajua ngoma imenoga, basi wakasukumana kuingia. Ndipo lipiko akazunguka akatokea upande wa ndani kabisa, akapiga kishindo, na ua mzima ukaelekea getini kwa wakati mmoja.

Waliokuwa wakitoka wakakutana na waliokuwa wakiingia kwenye ule mlango mmoja wa geti uliofunguka. Kwanza kulikuwa bado na vicheko. Kisha nikahisi miguu yangu haigusi chini. Nilibanwa kwenye nguzo ya ukuta, kifua kimekaza, pua yangu imezama kwenye mgongo wa mtu nisiyemjua. Mkono wa Laurensia ulikuwa bado mkononi mwangu. Damiano alikuwa halii, na hilo ndilo lililomtisha dada yake.

"Niachie," akaniambia. "Nimtoe ntoto ngongoni."

Nikamwachia, kama alivyotaka, kwa kuwa alihitaji mikono yote miwili. Nilimwona akiivuta kanga na kumzungusha Damiano aje mbele, akamkumbatia, akainama juu yake. Kisha watu wakajaa mahali alipokuwa, sikumwona tena.

Lipiko yeye aliona. Alikuwa kwenye saruji tupu nyuma yetu, mrefu kwa kile kinyago, na aliona watu wanaanguka. Akafanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye moyo angefanya, akakimbia kuja kuwasaidia. Njuga zikalia, na watu wa nyuma walipogeuka wakaona mfu anawajia. Wakasukuma kwa nguvu zote. Akasimama, akainua mikono yote miwili tutulie, lakini kuinua mikono ni katika mchezo wake. Akapaza sauti. Lipiko hasemi. Sauti ya mtu iliyotoka ndani ya kile kichwa cha mti iliwatia watu wazimu, nikasikia mbavu zangu zikilalamika kwenye ile nguzo. Kila alichofanya kutuokoa kilituua.

Basi akashika kinyago kwa mikono miwili, akakivua.

Ndani alikuwa mjomba Agostino. Fundi baiskeli, kaka wa mama yake Laurensia, mtu aliyemzibia baba pancha kila juma na kutupa sisi vipande vya mpira tutengenezee manati. Uso wake ulikuwa umelowa, sijui kwa jasho au kwa kulia.

"Ni mimi," akasema. "Simameni. Ni mimi Agostino."

Wakasimama. Naapa, ua mzima ulisimama. Si kwa utii. Watu walipigwa na butwaa, maana kilichokuwa hakitakiwi kuonekana kilikuwa kimesimama mbele yao na nywele zilizoanza mvi. Katika ukimya ule ikawezekana kuwatoa waliokuwa chini. Baba alikuwa mmoja wa waliovuta watu kutoka nje. Wengi waliinuka wakichechemea. Damiano alitolewa akiwa mzima, akalia kwa sauti kubwa, ndiyo sauti pekee iliyosikika. Laurensia alikuwa bado amejikunja palepale, mgongo juu, umbo la mtu anayefunika moto usizimwe na upepo. Walimpandisha kwenye gari kumpeleka mjini, na alifia njiani kabla hawajafika Naliendele.

Msiba ulikuwa wa kijiji kizima. Nakumbuka ugali wa mihogo uliopoa bila kuguswa, na mama yangu amekaa miguu imenyooka mkekani pembeni ya Mama Laurensia. Padri alikuja. Tulizika. Nilikuwa sijajua kwamba mtoto anazikwa kama mtu mzima, kwa jembe lile lile.

Baada ya siku za matanga wazee waliitana kwenye baraza ya mwenyekiti wa kijiji. Shauri lililowekwa mbele halikuwa la geti wala la ua. Lilikuwa la Agostino, aliyevua kinyago mbele ya wanawake na watoto wasiopita jando. Wapo waliosema kifo kile ndiyo malipo ya kuvua, kana kwamba Laurensia hakuwa ameshaanguka. Walitaka aondolewe kijijini. Baba aliitwa kuwa shahidi, akaeleza alichokiona, akaonywa kwa upole kwamba yeye ni mgeni na mambo haya yana wenyewe. Sisi watoto na mama zetu tulikuwa nyuma ya nyumba, tunasikiliza kupitia ukuta wa udongo.

Ndipo Mama Laurensia akainuka. Alizunguka nyumba, akatokea mbele ya wazee bila kuitwa, kanga ya msiba bado begani. Tukamfuata hadi pembeni ya ukuta. Hakupiga kelele. Alizungumza kama anavyozungumza mtu aliyechoka.

"Kaka yangu hajafichua kitu. Nguo zake za ngoma nafua mimi. Ugali wake napika mimi, na jasho lake nalijua. Ninyi nnadhani hatujui? Tulijua, na mama zetu walijua. Tulikuwa tunakimbia kwa heshima yenu. Na mwanangu amekufa kwa heshima yenu."

Mzee mmoja alivua kofia, akaishika magotini. Wanawake waliokuwa pembeni yangu walitazama chini, na hakuna hata mmoja aliyekanusha. Shauri liliishia hapo, bila hukumu. Hakuna aliyemfukuza Agostino, na hakuna aliyemwambia abaki. Baada ya muda mfupi alifunga spana zake nyuma ya baiskeli, akaenda Kilambo, akavuka Ruvuma kurudi walikotoka wazazi wake. Kinyago alikichukua. Baiskeli ya baba ilikaa na pancha hadi tulipohama.

Darasani baba aliendelea kuandika maneno ubaoni, ila lile hakuliandika tena. Nasi hatukulisema. Likarudi taratibu, kama maneno yanavyorudi, midomoni mwa watoto waliokuwa wadogo mno kukumbuka.

Sasa naishi Mtwara mjini, mtu mzima, na nina watoto ambao hawaogopi kitu ila chaji kuisha. Wao wana neno lile kila siku. Simu za bei ya chini zimefika dukani, mkanyagano. Msanii kutoka Dar anashuka uwanjani, mkanyagano, na wanapiga picha kuonyesha. Siwakatazi. Ningewaambia nini? Nilishawahi kuwaeleza maana yake, kwa maneno ya babu yao karibu yaleyale, wakaniitikia wakiwa tayari wamefika barabarani. Nami kila ninapoingia mahali, kanisani, ukumbini, hata benki, natafuta mlango wa pili kabla sijatafuta kiti. Wanangu wananiona mshamba. Wanasema mama anakagua kama fundi.

Mwaka jana kikundi cha ngoma kilialikwa kucheza kwenye ukumbi mmoja mjini, nikaenda na mwanangu mdogo. Mcheza lipiko akatoka mbele ya watu amekishika kinyago kwapani, uso wazi. Nilimtambua kwa paji la uso la mama yake. Alikuwa Damiano. Nilisikia zamani kwamba alipokua alimfuata mjomba wake ng'ambo ya mto, akafundishwa kila kitu, na Agostino alipofariki kinyago kikawa chake. Alisimama katikati, akasubiri kelele zipungue.

"Ni mimi Damiano," akasema. "Mmeniona? Haya."

Akavaa. Nadhani hafanyi ngoma bila kusema hivyo, na nadhani nusu ya watu pale walidhani ni utani. Ngoma zikaanza, njuga zikalia juu ya vigae, ule mlio wa ukali ambao sikuwa nimeusikia tangu siku ile. Akatunyemelea, akatikisa mabega, akawashukia watoto kwa kishindo. Watoto wakainua simu. Mmoja alimwomba arudie, picha haikutoka vizuri. Hakuna aliyekimbia. Ni salama, nilijiambia, namshukuru Mungu, hakuna mtoto atakayeanguka hapa. Na papo hapo nikaona uchungu kwa wazee wale niliowakasirikia, maana hofu yetu ile tamu imekufa, na hakuna aliyeizika.

Mwanangu akanivuta nguo. Kumbe nilikuwa nimesimama, nimesogea karibu na mlango, mkono wangu umenyooka kando na vidole vimekunjwa. Akaniuliza natafuta nini.

Nikamwambia naangalia kama watu wanarudi.

Akacheka, akaushika ule mkono. "Mama, mbona hakuna aliyeondoka."